Barua ya wazi: Tuliopata kiharusi tukiwa na mimba tukabaki hai, mtuhesabu

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Nchi – TAMISEMI,
Kwa Ndugu Mkurugenzi wa Jiji la Dar es Salaam.

YAH: WAJAWAZITO WANAOPATA KIHARUSI NA MATUNZO YAO BAADA YA KUNUSURIKA



Mimi ni mkaanga samaki wa Soko la Samaki Feri, na ni katibu wa kikundi chetu cha akina mama tunaokaanga na kuuza pale sokoni. Nilipata kiharusi nikiwa na ujauzito wa miezi sita. Nilibaki hospitalini tumbo likiendelea kukua, nikifundishwa upya kukaa, kushika kijiko na kutamka majina ya watu wangu, na mwanangu akazaliwa salama. Hospitali sitaitaja. Waliokuwa zamu walifanya kazi kwa moyo, na yaliyonikuta yangeweza kunikuta kwingine kokote, maana utaratibu ninaoulalamikia haukutungwa na muuguzi wa usiku. Umetungwa, au umeachwa bila kutungwa, kwenye ofisi zenu. Ndiyo sababu nawaandikia ninyi, na nawaandikia hadharani.

Utafiti wa mwaka 2015/16 ulituambia kwamba wanawake 556 walikuwa wanakufa kwa uzazi katika kila vizazi hai 100,000. Utafiti wa Afya ya Uzazi na Mtoto na Viashiria vya Malaria wa 2022 ukaleta 104. Februari 2025 Rais wetu akakabidhiwa tuzo ya Global Goalkeeper ya Taasisi ya Gates, hapa hapa Dar es Salaam, kwa kazi hiyo. Nilishangilia na bado nashangilia, maana huenda mimi ni mmoja wa waliotolewa kwenye ile hesabu ya kwanza. Ila naomba kuuliza: mwanamke ambaye miaka kumi iliyopita angekufa, na leo hakufa, mmemweka wapi? Wengi wamerudi nyumbani wazima, alhamdulillah. Wengine tumerudi na mkono usionyanyuka, na mguu wa kuburuta, na ulimi mzito. Sijawahi kusikia takwimu yetu ikisomwa popote. Na kwa kuwa hatuhesabiwi, hatuna kitanda kilichopangwa kwa ajili yetu, hatuna dirisha, hatuna fungu kwenye bajeti. Malalamiko yangu yote hapa chini yanatoka kwenye jambo hilo moja.

1. Kichwa cha mjamzito kisitibiwe kwa Panadol pekee.

Changu kiliuma siku nyingi, kila kukicha kikizidi, hasa nikilala au nikiinama kugeuza samaki kwenye karai. Nilikwenda zahanati moja ya mjini. Nikapimwa presha, ikaonekana nzuri, nikapewa Panadol nikaambiwa ni uchovu wa mimba. Niliporudi, nikapewa Panadol tena. Macho yalipoanza kuona maruweruwe nikalaumu moshi wa kuni. Kisha nikaanguka kwa kifafa mbele ya jiko.

Baadaye sana ndipo nilipoelezwa. Damu ilikuwa imeganda ndani ya mishipa inayorudisha damu kutoka kwenye ubongo. Njia ikaziba, ubongo ukavimba, sehemu ya kushoto ikaumia. Daktari alinieleza kwamba mwili wa mjamzito huifanya damu iwe rahisi kuganda ili mama asivuje kupita kiasi siku ya kujifungua, na kwamba hatari hiyo hupanda mama akipungukiwa maji mwilini. Hapo nikakumbuka jambo ambalo daktari hawezi kulijua bila kuja sokoni. Sisi tunaokaanga tunakunywa maji kidogo kwa makusudi. Tunasimama mbele ya moto tangu alfajiri, na vyoo vya masoko ya mjini ni vya kulipia. Mjamzito ambaye haja ndogo inambana kila mara anaiona faida yake ikiishia mlangoni mwa choo, na akiondoka, karai linaungua au mteja anahamia kwa jirani. Basi anashinda na kiu. Siwezi kusema hicho ndicho kilichoniangusha. Nasema hatari tunaijua, na kuipunguza ni rahisi.

Wanawake wengi wanaopata kiharusi wakati wa mimba, au wiki chache baada ya kujifungua, hupitia mlango mwingine: presha na kifafa cha mimba. Presha ikifika 140 kwa 90 mjamzito anatakiwa afuatiliwe kwa karibu. Ikifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura ya saa ile ile, si ya kuambiwa njoo wiki ijayo. Kichwa kisichosikia dawa, macho kuona giza au nyota, maumivu ya juu ya tumbo chini ya chembe ya moyo, uso na mikono kuvimba ghafla: haya kila mama wa Feri anapaswa kuyajua kama anavyojua bei ya ndoo ya vibua. Dawa ipo. Sindano ya magnesiamu ilijaribiwa kwa wanawake zaidi ya 10,000 katika nchi 33, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2002 yalionyesha inapunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Tunachokosa ni mtu wa kuona dalili mapema na kuchukua hatua.

Wala hili haliwapati maskini na wadhaifu peke yao. Tori Bowie wa Marekani, bingwa wa dunia wa mita 100 mwaka 2017 kule London, alikutwa amefariki nyumbani kwake Florida mwaka 2023 akiwa na mimba ya miezi minane, na uchunguzi wa mwili ulitaja kifafa cha mimba kati ya mambo yanayoweza kuwa yalimuua. Kama mwanamke mwenye miguu ya kushinda dunia anaweza kuondoka hivyo, mkaanga samaki anayelala saa chache asiambiwe ni uchovu.

Mheshimiwa Waziri wa Afya, naomba agizo moja fupi libandikwe ukutani kwenye kila zahanati: mjamzito, au mama aliyejifungua ndani ya wiki sita, mwenye kichwa kinachozidi, macho yanayobadilika, ganzi ya upande mmoja au kifafa, asirudishwe nyumbani hata kama presha yake ni nzuri. Apewe rufaa siku hiyo hiyo, na kama ana presha ya hatari aanzishiwe dawa kabla ya kupakiwa kwenye gari.

Ndugu Mkurugenzi, kwako naomba chumba kimoja pale Feri, chenye muuguzi na mashine ya presha inayofanya kazi, kifunguliwe saa kumi na moja alfajiri. Kliniki zinaanza saa mbili. Saa mbili sisi tumeshatoka mnadani na mafuta yako motoni; anayekwenda kliniki saa hizo anapoteza siku nzima, na wengi wanachagua kuuza. Naomba pia mjamzito asilipe choo sokoni. Kwa mapato ya soko lile, kiasi hicho hamtakiona kimepungua.

2. Saa zinapotea kati ya mtu kuanguka na mtu kupokelewa.

Nilipoanguka wapo waliosema nimepagawa, wakataka nivushwe kwa pantoni nipelekwe kwa mganga ng'ambo, Kigamboni. Siwalaumu. Gerry Mshana na wenzake walichapisha utafiti mwaka 2008 ulioonyesha kwamba watu wengi wa Dar es Salaam walikuwa wanakiona kiharusi kuwa kazi ya mashetani au uchawi. Na hapa ndipo mahali pabaya pa kuwa na imani hiyo: utafiti uliofanyika kati ya 2003 na 2006, ukachapishwa 2010 katika jarida la Lancet Neurology, ulikuta kwamba ukisawazisha umri, kiharusi kipya Dar es Salaam kilikuwa takriban watu 316 kwa kila 100,000 kwa mwaka, wakati wilayani Hai kilikuwa 109. Huu ni mji wa kiharusi. Lakini ukizunguka soko zima utaona mabango ya kila kitu, na hutaona moja linalosema mdomo ukipinda, mkono ukilegea, maneno yakipotea, kimbiza hospitali.

Aliyeniokoa ni kijana mmoja anayeparua samaki. Alisimamisha bajaji bila kuuliza nani atalipa. Wakati huo hakuna hata mmoja pale aliyekuwa anajua namba 115, ya mfumo wa M-Mama ambao Rais aliuzindua kitaifa Aprili 2022, wa kumsafirisha bure mama mjamzito na mtoto mchanga anapokuwa katika dharura. Namba hiyo iandikwe kwa herufi kubwa pale mnadani, kwenye majiko, kwenye kituo cha mwendokasi Kivukoni na pande zote mbili za pantoni. Na anayeletwa kutoka Kigamboni akiwa katika hali ile awe na njia ya kupita mbele ya foleni, kwa utaratibu ulioandikwa, asitegemee huruma ya aliye zamu.

3. Wodi mbili, mgonjwa mmoja.

Hapa naomba msome polepole.

Nilipofikishwa hospitali nikiwa na mimba na kifafa, nilichukuliwa kuwa na kifafa cha mimba, nikachomwa magnesiamu. Walifanya sawasawa kabisa. Lakini kifafa kilipokoma na mkono wa kulia haukurudi, ilisemekana ni uchovu wa dawa. Iliposhauriwa nipigwe picha ya kichwa, mjadala ukawa mionzi itamdhuru mtoto. Picha ikasubiri. Mama yangu, ambaye hakusoma zaidi ya darasa la saba, aliulizwa aamue. Nimekuja kuelezwa na madaktari zaidi ya mmoja kwamba picha ya kichwa humfikishia mtoto aliye tumboni mionzi kidogo mno, na kwamba kuichelewesha ndiko kunakowaweka wote wawili hatarini. Kama hilo linajulikana, kwa nini liamuliwe upya kitandani kwa kila mgonjwa, na ndugu waliochanganyikiwa ndio wabebeshwe jibu?

Baada ya picha ikaanza safari ya wodi. Wodi ya wazazi walisema huyu ni wa ubongo. Wodi ya magonjwa ya ndani walisema huyu ana mimba. Nilipokuwa kwa wazazi, mapigo ya moyo wa mtoto yalisikilizwa kwa wakati, ila hakuna aliyejua namna ya kuuweka mkono wangu wala kupima kama nameza chakula bila kupaliwa. Nilipohamishiwa ndani, mkono ulitunzwa, lakini mtoto akasahaulika. Kila asubuhi mama yangu alikuwa anavuka kwenda jengo la pili kumwomba mkunga aje na kile kipembe cha kusikilizia moyo. Wengine walikuja. Wengine walikuwa na leba imejaa na hawakuweza, na siku hizo nililala nikihesabu mateke mwenyewe.

Mafaili nayo yalikuwa mawili. Dawa iliyoandikwa kwenye faili moja haikuonekana kwenye jingine.

Utaalamu nchi hii inao. Pale Upanga, ndani ya eneo moja la Muhimbili, kuna jengo la wazazi, kuna taasisi ya MOI yenye madaktari bingwa wa ubongo, kuna Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete, na kutoka moja hadi nyingine mtu anakwenda kwa miguu. Ninachoomba kinaanzia kwenye karatasi kabla ya kufika kwenye majengo: kwamba mjamzito mwenye kiharusi, popote alipolazwa, awe na daktari mmoja anayewajibika kwake, faili moja, na ratiba iliyoandikwa ya mkunga na daktari wa ubongo kumwona kila siku. Hospitali za rufaa za mikoa zisizo na daktari wa ubongo ziwe na simu ya bingwa inayopokelewa usiku. Andikeni mwongozo huo mwaka huu. Wataalamu wa kuuandika mnawalipa mishahara tayari.

4. Dirisha la malipo.

Sera ya Afya ya 2007 inamsamehe mjamzito gharama za huduma za uzazi. Mimi nilikuwa mjamzito. Lakini kila karatasi iliyofika dirishani ilizua swali lile lile: hii ni ya mimba au ni ya kichwa? Ya mimba bure. Ya kichwa ulipe.

Angalieni hili lilivyo. Kuzuia damu isiendelee kuganda nilitakiwa kuchomwa sindano za heparini tumboni, kila siku, mpaka nijifungue. Vipo vidonge vya warfarini, vya bei nafuu, vinavyotumiwa na wagonjwa wengine. Mimi sikuruhusiwa kwa sababu vinapenya kondo la nyuma na vinaweza kumdhuru mtoto. Sindano ile haipenyi. Yaani ni mimba iliyonifanya nitumie dawa ya ghali, halafu nikaambiwa dawa hiyo si ya mimba. Sindano moja ilikuwa inakula faida yangu ya siku nzima, na siku hizo sikuwa na faida yoyote. Wifi yangu alikwenda ustawi wa jamii akaambiwa alete barua ya serikali ya mtaa. Mtaa wakasema aje na barua ya hospitali. Kikundi chetu ndicho kilichochanga. Wanawake ambao nao wana watoto na marejesho ya mikopo, walichanga ndoo kwa ndoo.

Mheshimiwa Waziri, toa tamko lisilo na mwanya: mwanamke akiwa na mimba, au ndani ya siku 42 baada ya kujifungua, msamaha unafuata mwili wake wote. Na kwa kuwa Bunge lilipitisha Sheria ya Bima ya Afya kwa Wote mwaka 2023, hakikisheni kitita cha msingi kinataja sindano hizi, picha ya kichwa na mazoezi ya viungo kwa mama aliyepata kiharusi. Kisipovitaja kwa jina, dirisha litauliza tena.

5. Kupona ukiwa na mimba ni kazi inayohitaji watu wake.

Mjamzito hushauriwa alalie ubavu, na hasa wa kushoto. Upande wangu uliokufa ulikuwa wa kulia. Nikilalia kushoto, ule mkono ulikuwa juu, mzito, ukiteleza na kuniangukia tumboni. Muuguzi mmoja wa zamu ya usiku alikunja khanga mbili, akaweka moja chini ya kwapa na nyingine chini ya kiwiko, bega lisichomoke. Mwanangu alikuwa na mazoea ya kupiga teke kulia. Teke nililisikia ndani, lakini kiganja kilicholala juu yake hakikusikia kitu. Ikabidi niupeleke mkono wa kushoto upande ule ndipo nimpate.

Nilipoanza kusimamishwa, mguu mmoja ulikuwa umelegea na tumbo lilikuwa linanivuta mbele. Nilichokiweza wiki hii, wiki iliyofuata tumbo lilikuwa limeshakibadilisha, nikaanza tena. Kijana wa mazoezi ya viungo, mwenye adabu zake, aliniambia bila kificho: "Mama, sikufundishwa kumnyanyua mjamzito aliyepooza. Tutajifunza wote." Nilimpenda kwa ukweli huo. Alikuwa akigawana siku zake na wodi nyingi, kwa hiyo mama yangu na wifi yangu ndio waliokariri mazoezi: kunyoosha vidole kimoja kimoja, kuzungusha bega, kubonyeza soksi iliyoviringishwa.

Maneno nayo yalikuwa yamepotea. Nilitaka maji, mdomo ukasema mizani. Nilitaka kumwita mama, likatoka jina la samaki. Nilikuwa najua nimekosea, na nisingeweza kurekebisha. Mtaalamu wa matamshi sikumwona hata mara moja, wapo wachache mno nchini. Wifi yangu alinifundisha kwa vitu vya kazini kwetu, kibua, ndimu, chumvi, karai, mpaka nikaanza kuunganisha. Barua hii naiandika kwenye simu kwa kidole gumba cha kushoto, na yapo maneno ambayo nimemwomba anikumbushe.

Baada ya kujifungua, nani anamfundisha mama wa mkono mmoja kunyonyesha? Mimi alinifundisha mama wa kitanda cha jirani, mwenye watoto watano: mtoto alazwe juu ya mto, miguu yake ipite chini ya kwapa, kichwa kibebwe na mkono mzima. Lilikuwa somo la dakika chache. Lingeweza kuwa kazi rasmi ya mtu.

Kisha unapewa ruhusa, unaambiwa urudi kwa mazoezi. Mimi naishi Kigamboni. Nauli ya pantoni ni shilingi 200, hainishindi. Kinachonishinda ni kushuka ule mteremko na fimbo, mtoto mgongoni kwa wifi, katikati ya watu wanaokimbilia nafasi, kisha upande wa mjini nianze kutafuta gari jingine, nifike nimechoka kuliko nitakavyochoshwa na mazoezi. Wengi wanaacha. Na kiungo kisichofanyiwa kazi miezi ya mwanzo hukakamaa.

Mheshimiwa Waziri wa TAMISEMI, vituo vya afya ni vyako. Naomba mtaalamu wa mazoezi ya viungo afike angalau mara moja kwa wiki kwenye kituo cha afya cha kila tarafa, kwa siku inayojulikana. Vifaa vya kuanzia ni mkeka, kiti na fito za kushikilia. Na vyuo vinavyowafundisha vijana hawa viongeze somo la mama mjamzito na mama anayenyonyesha.

6. Baada ya mtoto kuzaliwa, mama anatoweka.

Kwenye kliniki ya mtoto, mwanangu amepimwa uzito, amechanjwa, kadi yake imejaa. Nashukuru. Mimi sikuulizwa lolote, pamoja na kwamba niliingia na fimbo. Siku moja nikapewa vidonge vya uzazi wa mpango, vile vya kawaida vyenye homoni ya estrojeni, bila swali. Mwanamke ambaye damu yake imewahi kuganda kwenye ubongo hatakiwi kuvitumia. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani unavikataza kwake, maana vinaongeza hatari ya damu kuganda tena. Niliokolewa na onyo la daktari mmoja wodini, na wifi yangu aliyekuwa ameliandika. Mwenzangu asiye na wifi wa namna hiyo angevimeza.

Kadi ya kliniki ya mama iwe na alama nyekundu, jalada la mbele: huyu alipata kiharusi, vidonge fulani asipewe, mimba ijayo ionwe na daktari tangu mwanzo. Wino mwekundu na maneno machache. Nalisisitiza kuliko mengi hapa kwa sababu linaweza kufanyika kesho asubuhi.

7. Tuhesabuni.

Kifo cha uzazi kinatakiwa kutolewa taarifa ndani ya saa 24 na kujadiliwa: nani alichelewa, dawa gani ilikosekana. Naamini mijadala hiyo imechangia kuishusha ile 556. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2011 wa kufanya vivyo hivyo kwa mama aliyeponea chupuchupu, na kiharusi kimo kwenye vigezo vyake. Aliyebaki hai ana faida moja kuliko marehemu: anaweza kusimulia. Anaweza kuwaambia ni lini alipewa Panadol, ni saa ngapi alisubiri picha, nani alimwambia nini dirishani. Hakuna aliyekuja kuniuliza.

Msije mkaniambia ni wachache. Mapitio ya tafiti yaliyochapishwa 2017 yaliweka kiharusi cha uzazi kuwa takriban wanawake 30 katika kila mimba 100,000, na tafiti hizo nyingi zilitoka nchi zenye uwezo kutuzidi. Hapa Tanzania huzaliwa watoto zaidi ya milioni 2 kila mwaka. Hata kwa kipimo hicho cha wenye nacho, ni mamia ya wanawake kila mwaka. Wengi ni vijana, wana watoto wadogo, na ndio wanaolisha nyumba.

Kuhusu kulisha nyumba, Ndugu Mkurugenzi, nina la mwisho kwako. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mwajiriwa likizo ya uzazi ya siku 84 na mshahara wake. Mkaanga samaki hana mwajiri, na eneo lake sokoni likikaa wazi linachukuliwa. Kikundi chetu kilikuwa na mkopo. Mimi nilipolala, wenzangu walirejesha fungu langu. Halmashauri inatenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu. Naomba mama aliyepata ulemavu kwa uzazi atambuliwe kwenye fungu la wenye ulemavu bila kuzungushwa miaka, marejesho yake yasimamishwe anapokuwa wodini, na eneo lake sokoni lilindwe kwa maandishi mpaka atakaporudi. Mimi nilirejea kwa sababu wenzangu walisimama kwenye eneo langu kwa zamu. Sitaki haki ya mwanamke mwingine itegemee kuwa na wenzake wazuri kama wangu.

Tunaomba majibu ya maandishi kwa kila kipengele, likiwemo jibu la "haiwezekani" pale ambapo haiwezekani, pamoja na sababu. Kikundi chetu hukutana Jumamosi ya kwanza ya kila mwezi, mnada ukishatulia, upande wa majiko. Mkimtuma mtu, aje na daftari. Wapo wengine wawili pale sokoni waliopitia haya, na wako tayari kuongea.

Wenu katika ujenzi wa Taifa,

Mkaanga samaki na katibu wa kikundi,
Soko la Samaki Feri, Kivukoni,
Dar es Salaam.

Nakala:
Mbunge wa Jimbo la Ilala
Diwani wa Kata ya Kivukoni
Uongozi wa Soko la Feri